Nilipoongeza RAM, ndipo nilipowasikia

Mimi ni msichana wa miaka kumi na tisa, nimemaliza sekondari mwaka jana, naishi Nateete na mama yangu. Sisi ni Wakongo. Admin, naomba usiandike jina langu wala lile ninalotumia mchezoni, kwa sababu wanaohusika wanausoma ukurasa huu, na mmoja wao huweka laiki kwa kila kisa.

Nina aibu sana. Shuleni mwalimu akiniuliza swali, jibu ninalo, lakini mdomo haufunguki. Kaka yangu alipopata safari ya Kanada aliondoka na begi moja, kompyuta yake ya kuchezea gemu akaniachia. Ni ya zamani. Kwa kompyuta hiyo niliingia katika kikosi cha watu watano, wote wa hapa Kampala. Tunapigana na vikosi vingine mtandaoni huku tunaongea kwa maikrofoni. Aliyeniingiza ni Furaha, rafiki yangu wa shule. Kapteni ni Mkenya anayefanya kazi dukani mjini. Huko nilikuwa naongea, jamani. Nilikuwa nacheka hadi mama anakuja kuchungulia.

Tatizo ni kwamba vita vikikolea, picha inaganda na sauti inakatika. Kila mara nakufa wa kwanza. Nasema, "Samahanini, ni mashine," na Kapteni ananijibu kwa upole, "Usijali, dada. Nunua kadi ya picha tu, mashine iache kuganda, tutakungoja."

Pesa nilizonazo nimezipata kwa kusuka nywele, na mimi na mama tulikubaliana ziwe za kuanzia kozi ya maabara. Nilipomtajia kadi, alinitazama miguuni. "Unataka kuvalisha ile sanduku nguo mupya, na weye ungali na viatu vya shule?" Kesho yake nikaibeba mashine hadi kwa fundi mmoja wa kompyuta, kule Nakivubo mjini. Akasema, "Nnyabo, anza na RAM, kumbukumbu ya mashine, bei yake ndogo. Kadi niachie kitu kidogo, nakuwekea mpaka Jumamosi." Nikamwachia advansi ya kadi, nikanunua RAM, akaichomeka, nikarudi nyumbani.

Siku hiyo hiyo saa kumi tukacheza. Risasi zikaanza, nikakaa kimya bila kusogea, nione kama sauti itakatika. Haikukatika. Nikamsikia Kapteni: "Haya, ameshaganda. Ongeeni sasa, hasikii."

Kumbe ndivyo walivyozoea.

"Mtangulize mlangoni," akasema mwingine, "maadui wamalizie risasi kwake."

"Si ndiyo kazi yake? Gunia la mchanga."

"Na kadi je, atanunua?"

"Huyo? Ukimwambia auze cherehani ya mama yake, atauliza tu soko liko wapi."

Kisha Furaha akaigiza sauti yangu: "'Samahanini, ni mashine.' Mashine gani? Hata shuleni alikuwa anaganda hivyo hivyo, na hapakuwa na kompyuta."

Walicheka sana. Mikono yangu ilibaki juu ya kibodi, nikafa wa kwanza kama kawaida, ila safari hii niliona kila kitu vizuri. Mchezo ulipotulia, Kapteni akaita, "Dada, upo? Pole, ulikatika?"

Nikasema, "Samahanini, ni mashine."

Leo ni siku ya nne nadanganya hivyo. Naingia kila jioni, nangoja risasi zianze, nasikiliza. Jana Furaha alikuja nyumbani, akala sombe ya mama, yaani kisamvu, akaniuliza kama kadi tayari. Mama akamfungia nyingine apeleke kwao.

Jumamosi iko karibu. Nikilipa, kozi itabidi isubiri, lakini huenda nikacheza vizuri wakaniheshimu. Nikiacha, advansi imekwenda, na maneno ya Furaha yatabaki pale pale, maana hakusema kuhusu kompyuta. Najua mtaniambia niondoke tu. Lakini nikizima maikrofoni, sina mtu mwingine wa kuongea naye isipokuwa mama, na mama nitamwambia nini?

Ninyi ni wengi na hamnijui, ndiyo maana nimeweza kuandika haya yote. Nishaurini, dada na kaka zangu. Niichukue ile kadi, niiache, au nimwombe fundi aichomoe ile RAM, nirudi kusikia nusu?