Mwandishi Hakujaliwa Mtoto

Nilikuwa kidato cha tatu, pale Kilosa, nilipofundishwa darasani kwamba baba yangu hakujaliwa kupata mtoto. Mwalimu wa Kiswahili alilisema hilo kwa sauti ile ile aliyotumia kutusomea ratiba ya usafi, na sisi tukaandika. Hata mimi niliandika. Mkono ulikwenda wenyewe mpaka katikati ya sentensi, ndipo nikaliangalia tena jina la mwandishi pale juu ya ukurasa. Yalikuwa majina ya baba, yote mawili, kama yalivyo kwenye cheti changu cha kuzaliwa.

Baba aliandika hadithi fupi moja tu maishani mwake. Ilichapishwa na shirika moja la umma, ndani ya mkusanyiko wa hadithi za watu mbalimbali, nilipokuwa mdogo. Baada ya hapo hakuandika kingine ila taarifa za marobota, kwa kuwa alikuwa karani wa kiwanda cha kuchambua pamba, ng'ambo ya reli. Nyumbani hakuna aliyemwita mwandishi. Mama, enzi za uhai wake, alisema "zile karatasi zako" na wote wawili wakacheka. Mama alifariki nikiwa bado shule ya msingi, tukabaki baba na mimi.

Ilikuwa miaka ya ruksa, serikali ilipolegeza masharti ya biashara. Maduka yaliyozoea kuuza viberiti na hewa yalijaa sabuni za kila rangi, mitumba ikatandazwa mpaka kwenye ngazi za stesheni, na wanunuzi binafsi wakaja na malori na mizani yao kuchukua pamba mashambani. Kiwanda cha baba kilinyamaza mashine moja baada ya nyingine. Lile shirika lililochapa kitabu nalo likaacha kuchapa. Shuleni kwetu kilibaki kitabu kimoja, kimefungiwa kabatini kwa mwalimu, hakina jalada wala kurasa za mwisho, na hadithi ya baba ilikuwa huko mwishoni.

Kwa hiyo hadithi yenyewe haikuwepo, hata nyumbani kwetu. Uhakiki wake ndio uliokuwepo! Kilikuwa kijitabu chembamba cha karatasi za kijivu, kilichoandikwa na mtu wa mjini ambaye sikuwahi kumjua, kikiuzwa stesheni pamoja na mayai ya kuchemsha na vitana. Kila mwanafunzi alikuwa nacho. Mwalimu naye alikuwa nacho, ila chake alikifunika kwa gazeti ili tusikitambue.

Kijitabu kilisema hadithi ni ya fundi seremala wa shamba la mkonge anayetengeneza kitanda kidogo cha kamba. Watu wakimuuliza ni cha nani, anawajibu ni cha mgeni. Mgeni haji, na mwishowe fundi anaanikia mahindi juu ya kile kitanda. Hapo hawakukosea, baba alinihakikishia baadaye. Lakini yakafuata maisha ya mwandishi: kwamba alizaliwa Pwani, alikuwa mtu mpweke, na hakujaliwa mtoto. Zikafuata dhamira: utasa, uvivu kazini kwa kuwa fundi alitumia saa za mwajiri, na nafasi ya mwanamke katika jamii, ingawa ndani ya hadithi hamna mwanamke hata mmoja. Yule mhakiki alikuwa ameyachota maisha ya mwandishi kutoka kwenye hadithi, kisha akaieleza hadithi kwa maisha hayo hayo. Na sisi tulitakiwa tuyakariri yote mawili.

Nikanyoosha mkono.

"Mwalimu, huyu mwandishi ni baba yangu."

Darasa zima liliangua kicheko. Mwalimu alisubiri kiishe.

"Majina yanafanana, binti. Kaa chini."

"Anafanya kazi kiwanda cha pamba, hapo ng'ambo ya reli."

"Mwandishi alizaliwa Pwani," alisema, akigonga lile gazeti lake kwa kidole. "Kaa chini, usitupotezee kipindi."

Tangu siku hiyo wavulana wakanipa jina: Hakujaliwa. Hakujaliwa njoo ufute ubao. Hakujaliwa nipe chumvi. Nilitaka kitu kimoja tu, wala hakikuwa kikubwa. Nilitaka ikubalike kwamba yule mtu alikuwa na mtoto, na kwamba mtoto huyo ndiye mimi niliyekaa dawati la tatu dirishani.

Nilimweleza baba jioni hiyo hiyo. Nilidhani atawaka. Badala yake alicheka mpaka akaweka tonge chini.

"Wamesema sina mtoto? Sasa huu ugali umesongwa na nani?"

"Baba, mimi sichekeshwi."

Aliponitazama vizuri akaacha kucheka. Nikamuuliza, kwa mara ya kwanza, hadithi ile ilihusu nini. Alinawa mikono kwanza.

"Wewe ulizaliwa kabla ya siku zako," alisema. "Mama yako alilazwa nawe hospitali ya misheni. Muuguzi akaniambia nirudi nyumbani, nisinunue kitu chochote kwanza. Alimaanisha hutapona. Na mimi nilikuwa nimeshaagiza kitanda. Nilipofika nyumbani nikakuta fundi amekileta, amekiweka sebuleni. Nikakaa mbele yake. Sikujua nifanye nini na mikono yangu, nikaandika."

"Lakini mimi nilipona."

"Ulipona."

"Sasa kwa nini mgeni haji?"

"Niliogopa kugusa mwisho. Niliona nikiandika kwamba amekuja, nitakuwa nimejisifu mapema. Nikauacha vile vile, nikapeleka."

Kile kitanda nilikilalia mpaka miguu ilipoanza kutokeza nje. Nilijua kina kovu la moto mguuni na kamba zilizofumwa upya upande mmoja. Sikujua kwamba ndicho walichokuwa wakikichambua darasani na kukiita ishara ya utasa.

Nilimbembeleza baba aje shuleni. Hakutaka, lakini alikuja, amevaa lile koti lake la ukarani ambalo viwiko vyake mama alivitia viraka. Lazima niseme ukweli: mwalimu alimpokea kwa heshima zote. Alimpa shikamoo mbele yetu, akaitikiwa marahaba, akamvutia kiti. Baba alisimulia kama alivyonisimulia mimi, ila kwa ufupi zaidi na kwa aibu, akiangalia sakafu. Alipofika kwenye neno la muuguzi darasa lilitulia. Hata wale wavulana walitulia. Mimi nilikaa wima, nikaona yamekwisha, haki imepatikana.

Mwalimu akasimama, akamshukuru, akamsindikiza mpaka mlangoni. Kisha akarudi mbele yetu.

"Hayo ni maelezo binafsi ya mwandishi," alisema. "Ni mazuri kuyasikia. Kwenye mtihani mtaandika yaliyo kwenye notsi."

Baba alikuwa bado yuko barazani. Alisikia. Nilimwona kupitia dirisha akisimama kidogo, akajifunga vifungo vya koti, akaenda zake.

Mwaka uliofuata, kiwanda kilipofungwa kabisa na baba akapunguzwa kazi pamoja na wenzake wote, tukafanya mtihani wa kidato cha nne. Usiku wa kuamkia siku hiyo alinipa neno moja tu. "Andika wanavyotaka," alisema. "Mimi najua nina mtoto. Wewe unajua una baba. Hao wasahihishaji wanatuhusu nini?"

Swali la fasihi lilitaka tuoneshe jinsi maisha ya mwandishi yalivyojitokeza katika hadithi yake. Nililisoma na damu ikanipanda. Niliandika kuhusu hospitali ya misheni, kuhusu muuguzi, kuhusu kitanda chenye kovu la moto. Niliandika kwamba mgeni alifika. Kalamu haikupumzika, na nilitoka kwenye chumba cha mtihani nikiwa na raha ambayo sijaipata tena.

Kiswahili kiliniangusha. Mimi, niliyekuwa nikisahihisha insha za wenzangu! Sina ushahidi kwamba ni lile swali, na sikupata mtu wa kumuuliza. Najua tu kwamba waliokariri kijitabu walikwenda kidato cha tano, mmoja wao akiwa hajui hata kama seremala ni fundi wa mbao au wa chuma. Baba hakunisifu kwa ushujaa wangu. Alinikasirikia siku ile kuliko siku nyingine yoyote, akasema angekubali kuitwa tasa mpaka kaburini ilimradi mimi nisome. Nilimjibu vibaya. Tukawa tunapishana jikoni kama wapangaji.

Maisha yalitutawanya. Mimi nilipata kazi Mikumi, kwenye moja ya hoteli zilizoanza kuota kando ya barabara kuu kwa ajili ya wageni wa mbuga, nikifua mashuka na kutandika vitanda vya watu wazima. Baba alikwenda Malolo, akaomba kipande cha shamba, akaanza kulima vitunguu, yeye ambaye mikono yake ilizoea mihuri. Tulipatana, bila hata mmoja wetu kusema tumepatana. Nilikuwa nikimtembelea na sukari na sabuni. Kile kitanda alihama nacho, akawa anahifadhia mbegu za vitunguu juu yake. Nilipomwambia kuwa sasa amekuwa kama yule fundi wake, alisema afadhali vitunguu, havitaki kuhakikiwa.

Habari ya msiba wa baba niliipata kwa dereva wa lori la vitunguu aliyesimama Mikumi kunywa chai. Nilipofika Malolo jeneza lilikuwa limeshatolewa nje, na ndugu za baba walikuwa wametelemka kutoka milimani asubuhi ile ile. Kina mama walinipokea kwa kilio, wakaniketisha mkekani. Mbele alisimama kijana nadhifu, mwalimu mgeni wa shule ya msingi, ameshika karatasi. Wasifu wa marehemu huandikwa na ndugu, kila mtu anajua hivyo, lakini ndugu walichelewa na mimi sikuwepo. Huyu kijana alikuwa amejitolea kwa furaha, kwa sababu marehemu alikuwa mwandishi na yeye alimsoma shuleni.

Alisoma vizuri, kwa sauti ya kupanda na kushuka. Aliposema marehemu alizaliwa Pwani, baba zangu wadogo wa milimani walitazamana. Nikajua kinachokuja. Nilijua hata maneno yake, kwa mpangilio wake.

"Marehemu alikuwa mtu mpweke," alisoma, "na katika maisha yake hakujaliwa kupata mtoto."

Wasifu haukatizwi. Watu waliguna, bibi mmoja nyuma yangu akasema "Yesu wangu," wazee wakanong'ona kwa kilugha, lakini hakuna aliyesimama, na kijana aliendelea mpaka mwisho akakunja karatasi. Mimi nilikuwa nimeukamata ukingo wa mkeka. 

Kaburini mshereheshaji alifuata karatasi ile ile. Aliita ndugu wa marehemu watie udongo. Akaita majirani. Akaita wakulima waliomwagilia vitunguu kwa mfereji mmoja naye. Watoto wa marehemu hakuwaita, kwa kuwa alikuwa ameshasikia hawapo. Wakulima walikuwa wanasogea nilipopasua katikati yao, nikachota udongo kwa mikono miwili badala ya mmoja. Yule bibi akapaza sauti: "Mtoto wake ni huyu! Mtoto wake ni huyu jamani!" Watu wakanipisha. Nilitia udongo, nikachota tena, nikatia tena, mpaka baba mdogo mmoja aliponishika bega.

Baada ya chakula yule kijana alinifuata nyuma ya nyumba, nilipokuwa nakusanya sahani. Uso ulikuwa umemshuka.

"Shikamoo dada. Naomba unisamehe sana. Ndivyo tulivyofundishwa."

"Marahaba. Ile hadithi umewahi kuisoma?"

"Hapana, dada. Kitabu hakikupatikana."

Ningeweza kumtukana, na ulimi ulikuwa tayari. Lakini alikuwa kijana mpole, na alikuwa amekuja kumzika baba yangu kwa heshima zote alizozijua. Nikamwingiza ndani, nikamwonesha kitanda kilichojaa mbegu. Nikamwonesha kovu la moto mguuni. Nikamsimulia hadithi yote, na muuguzi, na jioni ile ya kukaa sebuleni, na woga wa baba wa kugusa mwisho. Alisikiliza bila kupepesa macho. Macho yalimlowa, nadhani kweli. Kisha akaitoa ile karatasi ya wasifu mfukoni, akaigeuza upande usioandikwa, akaiegemeza ukutani na kuchomoa kalamu.

"Kwa hiyo, dada," aliuliza, "dhamira kuu hapo ni ipi?"

"Mimi," nilimjibu.

Alisubiri niendelee. Nilibeba sahani zangu, nikaenda kuwasaidia wenzangu kuosha.