Hodi Nisiyoipiga

Siku yangu ya kwanza kazini niliimaliza nikiwa nimelala kifudifudi darini mwa nyumba ya zamani kule Anoka, mwezi wa Januari, kinywa kimejaa vumbi la sufi ya kuzuia baridi. Nilikuwa na shahada ya uhandisi niliyoipata hapa hapa Minnesota, na suti niliyovaa asubuhi ile ilikuwa ya kwendea ofisini. Msimamizi wa zamu aliitazama suti, akanipa ovaroli na tochi, akaniambia nipande nikatafute joto linatorokea wapi. Nilidhani ananitania. Baadaye nilimjua: hakuwa na tabia hiyo.

Ninyi mnaoanza leo mna kamera zinazoonyesha joto kwa rangi, tena ndani ya simu. Sisi tulitumia kiganja cha mkono na kijiti cha moshi. Unakiwasha kama udi, unakisogeza kwenye kona ya dirisha. Moshi ukiyumba, hapo pana mwanya. Halafu ilikuwapo feni ya mlangoni, ambayo haijabadilika sana. Unaifunga kwenye mlango wa mbele kwa turubai, inavuta hewa ya ndani na kuitoa nje, na nyumba inaanza kupiga miluzi kwenye kila ufa. Wenye nyumba wote huwa na hakika kwamba tatizo ni madirisha. Mara tisa katika kumi joto linapotelea darini, na mara tisa katika kumi hawaamini mpaka uwapandishe ngazi wakaone wenyewe.

Baada ya miaka minne nilihamia Plymouth, kwenye kampuni iliyohudumia majengo ya maofisi. Huko nilikuwa chini ya Mhandisi Mkuu, mzee mwenye kadi shingoni iliyofungua kila mlango wa kila jengo. Alinifundisha kusoma mitambo ya hewa na kupanga paneli za sola juu ya mapaa ya maghala. Ilikuwa kazi safi. Huamkii mtu, huandaliwi chai, unapitisha kadi na chumba kinafunguka. Nilikaa miaka kumi na mbili nikaota kitambi.

Ndipo mpango mmoja wa nishati wa mitaa ya Phillips, mjini Minneapolis, ukatafuta mkaguzi anayejua Kiswahili. Mkurugenzi wa Mipango, mama mrefu mwenye haraka, alinieleza bila kuzunguka kwamba wakaguzi wake wanafungiwa milango. Familia za Waafrika zilikuwa zinawaona ni watu wa serikali, au watu wa kuuza kitu. Nilimwambia aniachie mimi. Nilisema hivyo kwa kujiamini ambako leo kunanikereketa.

Kabla sijaanza alinipeleka Denmark kwa miezi mitatu, kwenye mji mdogo wa wakulima, nikaone wenzetu wanavyofanya. Ofisini mwao palikuwa na ramani ya mji ukutani, kila mtaa na rangi yake: huu utapata joto la pamoja kutoka kwenye mtambo wa majani makavu, ule utapata pampu za joto, mashine za umeme zinazovuta joto la nje na kuliingiza ndani, na mwaka uliopangwa umeandikwa pembeni. Mtambo wenyewe ni mali ya wakazi. Wanakutana, wanabishana, wanapiga kura. Na walikuwa na utaratibu usiorukwa. Kwanza unaziba nyumba na kuivisha sufi, ndipo unaweka pampu ndogo inayotosha. Kuweka pampu kubwa kwenye nyumba inayovuja ni kutia maji kwenye pakacha.

Aliyenitembeza alikuwa karani wa mipango ya joto, mama wa makamo aliyekwenda kila mahali kwa baiskeli. Alinikalisha kwenye majiko ya watu nikanywa kahawa mpaka usingizi ukanihama. Kila nyumba alishuka mpaka chumba cha chini ya ardhi, akafungua kila mlango, akaulizia wajukuu. Niliona tunapoteza muda. Nilimwuliza kwa nini asiwaandikie barua.

"Asiyekujua akisaini, amesaini karatasi tu," alinijibu. "Akikujua, amesaini mpango."

Niliyaandika maneno hayo daftarini, nikarudi Minneapolis na kila kitu isipokuwa kahawa. Nilimwambia Mkurugenzi tuchukue ramani, tuchukue utaratibu, tuchukue umiliki wa wakazi, lakini ule mzunguko wa jikoni kwa jikoni hatuuhitaji. Hawa ni watu wangu, nilisema, wananijua tayari.

Tulichagua mtaa mmoja. Mpango ulikuwa kuchimba mabomba marefu kwenye kichochoro cha nyuma, yalete joto la ardhini hadi kwenye pampu ndogo katika kila nyumba, na umeme wa pampu utoke kwenye paneli za ghala la jirani. Ili uchimbaji uanze, thuluthi mbili za nyumba zilipaswa kukubali mkutanoni. Kabla ya mkutano tungeziba nyumba kwanza, kama Denmark, ili watu waonje joto lisilotoroka. Tanuri na matangi ya gesi yangeendelea kutumika hadi pampu zifike. Katika kipindi hicho cha katikati ndipo penye hatari, nami niliijua kuliko mtu yeyote katika ofisi ile.

Nieleze, maana hili ndilo kiini. Tangi la maji moto la gesi hutoa moshi wake kwa bomba linalopanda hadi juu ya paa. Nyumba inayovuja huupa moto hewa ya kutosha na moshi unapanda vizuri. Ukiiziba nyumba, halafu feni ikawa inavuta hewa karibu na tangi, bomba linashindwa, na moshi unarudi ndani. Una gesi ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Kwa hiyo baada ya kuziba tunafanya jaribio la hali mbaya kabisa: funga milango, washa kila feni iliyomo nyumbani, simama mbele ya tangi na kijiti chako. Kisha unaingia kila chumba cha kulala kuhakikisha kengele ya gesi ipo na inalia.

Nyumba ya saba ilikuwa ya Kemunto, nesi kutoka Kisii, mtu mkarimu aliyekuwa akiwasukuma majirani wote wajiunge. Alikuwa amemleta mama yake kutoka nyumbani, bibi mwembamba wa kuchekacheka, na kumpa chumba cha chini ya ardhi chenye bafu lake, kilichopakana na tangi la gesi. Mke wangu naye ni Mkisii, wa ukoo mmoja na bibi huyu. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza aliniita mkwe, nami nikamwita mama. Wanaojua mila za kule wanaelewa: mkwe na mama mkwe wanaoneana haya, na mkwe haingii kwenye chumba anacholala mama. Mimi ni mtu wa Tanga, lakini mke wangu alikuwa amenifunda vizuri, na nilijivunia kuifuata mila ya wakwe zangu kuliko vijana wao wenyewe.

Siku ya jaribio nilishuka na vifaa vyangu. Mlango wa bibi ulikuwa umefungwa. Kemunto aliniambia kutoka ngazini kwamba mama amejipumzisha tu, niingie. Nikacheka, nikamwuliza kama anataka nitozwe mbuzi wa faini. Niliwasha feni zote nilizoziona, nikasimama mbele ya tangi, moshi wa kijiti ukavutwa juu vizuri. Kwenye fomu palikuwa na mistari mitatu ya kile chumba: feni, kengele, mlango. Nikaweka alama ya vema kwenye yote mitatu, nikatia saini, nikapanda juu kunywa chai.

Wiki mbili baadaye, siku chache kabla ya mkutano, nilipita kwa Kemunto adhuhuri kumwachia karatasi za kugawa. Aliniandalia chai. Nilishangaa bibi hakupanda kunitania kama kawaida yake, nikamwulizia.

"Kaka, Mum ana-complain kichwa kila siku tangu mseal hii nyumba," alisema. "Nimem-check presha, iko sawa. Nikadhani ni homesick. Ajabu ni Sunday tukienda church, anakuwa fine kabisa."

Sijui kama nilikiweka chini kile kikombe au nilikiangusha. Kichwa kinachouma nyumbani na kupona nje ya nyumba: kila mkaguzi anafundishwa dalili hiyo wiki ya kwanza. Nilishuka ngazi nikausukuma ule mlango kwa bega. Bibi alikuwa kitandani, macho nusu wazi, akinitazama bila kunijua. Feni ya bafu ilikuwa inanguruma. Baadaye tuliambiwa aliiacha ikiwaka kutwa kwa sababu alichukia unyevu. Nilimbeba mgongoni kama gunia hadi nje, tukaketi kwenye theluji ya uani, mkwe na mama mkwe, mimi nikimvika koti langu na kulia waziwazi. Kemunto alifungua madirisha yote, akaita gari la wagonjwa, akampima mapigo ya moyo.

Bibi alipona. Walimwekea oksijeni hospitalini, na baada ya siku mbili alikuwa anawauliza manesi kama wameolewa. Kengele ya chumba chake ilipatikana ndani ya sanduku lake, imeviringishwa kwenye leso mbili. Betri ilikuwa imeisha, ikawa inapiga kelele kila dakika, naye akaiondoa ukutani ili asimsumbue binti yake anayechoka kazini.

Mkurugenzi aliniita ofisini. Hakuwa mtu mbaya, na mtaa ule alikuwa ameupigania kwa miaka. Alisema mkutanoni tueleze kwamba betri ya kengele ilikuwa imeisha na kwamba mwenye nyumba hakutuambia habari ya feni ya bafu, na yote mawili yalikuwa kweli. Fomu yangu angeishughulikia yeye kimyakimya. Nilimwomba nilifikirie. Nilipofika nyumbani mke wangu alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama ninakusudia kumwachia nesi mzigo wa mama yake mwenyewe kukaribia kufa. Sikuwa na la kufikiria tena.

Mkutano ulijaa. Kemunto alikaa nyuma. Mama yake alisisitiza kukaa mbele, amejifunga shali. Niliomba niseme kwanza kabla ya ramani kuonyeshwa.

"Chumba cha mama huyu niliandika nimekikagua," nilisema. "Sikukikagua. Betri na feni ningeviona kama ningeingia. Kosa si la nyumba wala la mwenye nyumba. Ni langu."

Mtu mmoja aliuliza kwa nini sikuingia. Nikajaribu kueleza habari za haya na mila, na nilipokuwa nikieleza nilijisikia nimevaa heshima kama koti la kuazima. Bibi aliinua mkono wake mdogo.

"Mkwe," alisema, "mila haikatazi hodi. Ungepiga hodi, ningetoka, ukaingia chumba kitupu ukafanya kazi yako. Hivyo ndivyo wakwe zangu walivyofanya siku zote."

Kwa miaka yote ile nilikuwa nimeishika nusu ya mila, ile nusu iliyonipunguzia kazi. Kura haikupigwa jioni ile. Leseni yangu ilisimamishwa kwa mwaka, na nilistahili.

Niliporudi, Mkurugenzi alinipa tena mtaa ule ule, labda kwa adhabu, labda kwa imani. Safari hii nilikwenda na mwenzangu, dada mmoja Mkongo aliyesomea kazi hii hapa mjini. Tulikunywa chai kila nyumba. Tulipiga hodi kila chumba, akatoka aliyekuwamo, tukaingia. Wazee wa Kisomali walimtaka dada aingie kwanza. Akina mama wa Kikenya walitaka kujua ameolewa. Tangi la gesi halikuachwa tena ndani ya nyumba iliyozibwa hata kwa siku moja: siku ya kuziba ikawa ndiyo siku ya kuondoa tangi, tukawaazima la umeme. Ilituchukua miaka mitatu, mara mbili ya tulivyopanga. Thuluthi mbili zikapatikana, kisha zikapitwa. Mashine ya kuchimba ilipoingia kichochoroni watu walitoka na viti kuitazama.

Sasa nimestaafu. Vijana wananiuliza kifaa gani ni muhimu, nami nawajibu kwa ukali kwamba wajifunze kwanza kusubiri mtu atoke chumbani mwake. Mipango ya Wazungu niliyokwenda kuiona ni mizuri, na mingi inafaa hapa; theluji ni ile ile. Ila mpango hauziingii nyumba wenyewe. Unaingizwa na mtu, na mtu huyo huja na haya zake, uvivu wake, na vitu anavyojisifia.

Bibi alirudi Kisii, na anaishi. Hunitumia salamu kupitia kwa mke wangu, kila mara na neno la kuniumbua. Yeye alinisamehe siku ile ile ya mkutano.

Asubuhi za baridi kali huwa natembea kupita mtaa ule. Mapaa yametulia, mabomba ya zamani yamezibwa, hakuna kinachofuka, isipokuwa paa moja katikati ambako mvuke mweupe unapanda wima. Nyumba ile, ya Kemunto, haikujiunga. Kemunto akiniona dirishani hunipungia, na baridi ikizidi hunifungulia mlango na kunipa chai. Tunakunywa tumesimama pale pale ndani ya mlango. Mimi nimevaa viatu vyangu, naye amesimama kati yangu na ngazi ya kushukia chumba cha chini.