Wajina Asiyeitika

Kathini alipopata habari kwamba wakwe zake wanakuja Jumamosi kumvua mwanawe jina, alikuwa anashona kola ya sare ya shule, na hakuondoa mguu kwenye pedali. Alimaliza kola, akakata uzi kwa meno, ndipo akamwambia mumewe Nzioka, "Waje. Lakini chai watajipikia."

Hawakujipikia, bila shaka. Alipika yeye mwenyewe, tena na chapati juu yake. Ni mwanamke wa ulimi mkali na mkono mpana, na anayetaka kumwelewa na aanzie hapo.

Cherehani yake iko sebuleni, katika nyumba ya vyumba viwili mtaani Kaloleni, mjini Voi. Chini ya cherehani hiyo ndiko anakoshinda binti yake, Katuku, mwenye miaka minne. Katuku hasemi. Hataki kuguswa kichwani, na ugali ukigusana na mboga, sahani nzima imeharibika. Cherehani ikipumzika yeye huisukuma pedali kwa mkono, juu, chini, juu, chini, na ukimwita kwa jina hageuki. Daktari wa watoto aliliita jambo hilo usonji. Kathini aliuliza dawa yake ni ipi, akaambiwa haina dawa, mtoto ndivyo alivyo, kazi ni kumsoma. Alirudi nyumbani akalia siku mbili, na tusimfiche, alilia kwa sauti. Siku ya tatu akatia uzi kwenye sindano.

Alianza kumsoma kwa bahati. Januari, shule zikikaribia kufunguliwa na sare zimemlundikia hadi kwenye viti, sindano ilikatika katikati ya mshono. Kwa hasira akaigonga meza ya cherehani kwa kifundo cha kidole, mara mbili. Kule chini Katuku akainua uso, akamtazama mama yake machoni. Kathini aliganda pale pale. Tangu siku hiyo kila alipotaka kumpa mtoto kitu, maji, uji, kiatu, aligonga mara mbili kwanza. Wiki nyingi hakuna lililotokea. Majirani wakasema mama Katuku naye sasa kichwa kimeruka. Akaendelea kugonga. Ilipofika mwezi wa tano, akigonga, mtoto anakuja.

Sasa hilo la jina. Kwa Wakamba binti wa kwanza hupewa jina la nyanya mzaa baba, na nyanya huyo humwita mtoto wajina wake. Mama yake Nzioka, Katuku mkubwa, anaishi Kishushe, ambako gari unaweza kulingoja asubuhi nzima usilione. Mtoto alipozaliwa alikuja kwa pikipiki na kuku wawili mapajani, akipiga kelele tangu barabarani, "Wajina wangu yuko wapi?" Miaka miwili alikuja hivyo hivyo. Kisha akaanza kuona kwamba wajina haitiki. Kuku wakakoma. Kwenye simu akaacha kumwita mkaza mwanawe "mama Katuku", akawa anamwita "wewe". Na mwezi huu wa nane mwanawe mdogo, Kitonga, alipopata binti, nyanya akaamua: jina Katuku lihamie kwa mtoto mpya, na huyu wa Kaloleni atafutiwe jina lingine.

Jumamosi walifika wanne: nyanya, Kitonga, mkewe Evelyn, na kitoto mgongoni. Walikunywa chai, wakasifu chapati. Kisha Kitonga akakohoa.

"Shemeji, hatujaja kugombana," alisema. "Mama ndiye mwenye jina. Anasema jina limemkataa mtoto, ndio maana haitiki. Huyu tumemletea jina zuri, Loise. Hata kanisani watalipenda."

Kathini alimtazama mumewe. Nzioka alikuwa anatazama kikombe. Hapo alimchukia kwa muda wa dakika nzima, wala hakuona haya.

"Mama," alisema, "umekuja kumnyang'anya mtoto wangu?"

"Mimi sinyang'anyi mtu," nyanya alijibu, na sauti yake haikuwa ya ugomvi, jambo lililomuudhi Kathini zaidi. "Nimemwita huyu mtoto miaka minne. Wewe hujui vile inauma, unaita jina lako mwenyewe na hakuna mtu anaitika. Naona ni kama nimeshakufa."

Maneno yalimwingia Kathini, kwa sababu yalikuwa ya kweli. Lakini kumwonea mama mkwe huruma ni jambo moja, kumpa jina la mwanawe ni jingine.

"Basi mwite sasa."

"Katuku!" nyanya akaita. Akaita tena. Akaita mara ya tatu. Kule chini pedali ilipanda, ikashuka.

Kitonga alikunjua mikono, kama mtu aliyeshinda kesi.

"Ngoja," Kathini akamwambia. "Hilo zuri mlilolibeba mbona hamlitumii? Liite."

Kitonga alisita. "Loise," akasema.

"Kwa sauti! Umetoka Kishushe na vumbi lote lile uje kunong'ona?"

"Loise! Loise wee!"

Evelyn naye akajaribu, kwa upole. Pedali ikapanda, ikashuka.

"Jaribuni Elizabeti," alisema Kathini. "Jaribuni Malkia. Iteni jina la mbunge, hatageuka. Si jina! Mtamvua hili mumvike lile, na mtoto atabaki vile vile alivyo, ila sasa hata nyanya hana."

Akasimama, akaigonga meza ya cherehani mara mbili.

Pedali ilinyamaza. Katuku akatoka chini, nywele zina nyuzi za bluu, akaja moja kwa moja kwa mama yake na kunyoosha mkono. Kathini akampa chapati kavu. "Katuku," akamwambia, polepole, machoni. Mtoto akaipokea, akarudi chini ya cherehani.

"Ndivyo anavyoitwa," Kathini akawaambia. "Nagonga kwanza, jina linafuata. Ni Katuku, na halitoki. Atakayekuja na lingine atanikuta mlangoni."

Ndipo Nzioka, hatimaye, akaweka kikombe chini. "Kitonga, mwite wako Katuku pia. Wawili si wengi. Lakini huyu wangu muache." Kathini akamsamehe nusu. Nusu nyingine alimwekea.

Nyanya aliinuka, na Evelyn akadhani wanaondoka, akaanza kufunga kitoto mgongoni. Lakini mzee alikwenda kwenye cherehani. Kuchuchumaa kulimshinda kwa sababu ya magoti, basi akashika kiti, akajishusha taratibu mpaka akakaa sakafuni, uso wake ukawa sawa na wa mtoto. Akainua mkono, akaigonga meza kwa pembeni mara mbili.

Katuku alikuwa anatafuna chapati. Hakugeuka.

Nyanya alimtazama Kathini, macho yamelowa. Mwanamke mwingine angemwambia pole. Kathini hakusema pole, kwa sababu kwa miezi mingi hakuna aliyemwambia yeye.

"Tena, mama," alisema. "Mimi ilinichukua miezi minne."

Katuku mkubwa akaivuta leso yake akaikunja, akaikalia, akagonga tena.