Shangazi Alipoingia Kwenye Kamba

Iko siku moja ninaikumbuka, mwanangu, na nikiikumbuka nacheka peke yangu. Nilikuwa msichana wa darasa la pili kule Karagwe, kabla hatujarudi Rwanda. Mwalimu wetu alikuwa akitutoa nje kuruka kamba, wasichana na wavulana pamoja. Kwetu msichana kurukaruka ilikuwa aibu. Dada wa baba aliposikia, akaja shuleni na fimbo yake.

"Mwalimu! Mtoto wetu umemfanya mbuzi?"

Mwalimu, mwanamke mcheshi, akamwamkia vizuri. "Shikamoo, shangazi. Hebu tushikie kamba, huyu mtoto anayeizungusha amechoka mkono."

Shangazi akaishika kwa hasira, lakini akaizungusha. Tukaruka. Punde akafoka, "Mnaruka kama magunia! Inueni miguu!" Mara akakaza kitenge, akamkabidhi mwalimu fimbo, akaingia mwenyewe. Alivyoruka! Kiatu kimoja kilitua kwenye bustani ya shule.

Njiani nikangoja kichapo. Akasema, "Ukimwambia baba yako nimeruka, nitakuchapa. Ukiacha kuruka, nitakuchapa zaidi." Basi, tangu hapo hakuna aliyenikataza.

Sasa wewe, mwanangu, binti yako Keza unampandisha pikipiki kwenda shule hapo hapo mtaani Kagarama, hata ndizi hajamaliza kula ameshafika. Saa ya michezo anakaa pembeni, eti mama kasema asichafue nywele. Jumapili, barabara zilipofungwa, magari na pikipiki zisipite, ili watu wakimbie, nilimpeleka mlimani Rebero. Nusu ya mlima akakaa chini, anahema kama mzee.

"Nyogokuru, bibi yangu, tuite pikipiki."

"Leo hakuna. Iko bibi tu."

Nikatoa mfukoni kamba yangu ya kuanikia nguo, nikaruka. Watoto wa watu wakajaa. Keza akaona wivu, akainuka. Aliruka, akaanguka, akacheka, mpaka juu tukafika. Tukiteremka akaniuliza kwa sauti ndogo, "Mama atakubali nicheze shuleni?"

Jibu ni lako.

Kwa hiyo nisikilize. Kesho mtembee naye mpaka shule, wewe na yeye, kwa miguu. Mwambie mwalimu amchezeshe na wenzake. Nywele nitazisuka mimi. Na jioni ushike kamba, maana mwalimu hawezi kumpa mtoto miguu ikiwa nyumbani kila mtu ameganda kwenye kiti.

Imana, Mungu wetu, akupe magoti ya kufukuzana na wajukuu zako, na Keza akuache nyuma kwenye kila mlima wa Kigali, ukimpigia makofi.