Masale Kwenye Njia ya Bibi

Mke wangu alipofariki, watu walijaa uani kwangu hapa Sindeni mpaka nikadhani Handeni nzima imehamia. Matanga yalipoanuliwa, wakaondoka na masufuria yao, nikabaki mimi na ukimya uliosikika mpaka Korogwe. Mtu mmoja tu hakuacha kupita: bibi jirani, mjane wa Kishambaa aliyeletwa huku na ndoa kutoka Dindira. Njia yake ya kisimani ilikatisha uani kwangu, na kila asubuhi alinikuta nimeshakaa kizingitini.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, mwanangu. Jana ulikula, au ulikula upepo?”

Basi. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yangu ya siku nzima.

Ili nisije nikaanza kuongea na sufuria, nikaanzisha bustani. Masika nilipanda asumini na mawaridi, na mawaridi yakachanua makubwa kama vichwa vya ndama. Bibi akachuma moja akalichomeka kwenye kilemba. Kipupwe yakaanza kununa. Kiangazi, jua letu, ambalo hukaanga yai likiwa bado ndani ya kuku, likayamaliza yote, na asumini pia. Nikaapa kutafuta mmea usiojua kufa.

Mbele ya gesti moja ya Korogwe nilikuwa nimeona masale yamepangwa mstari, marefu, majani yanang'aa kama yamepakwa mafuta wakati kila kitu kingine kimekauka. Vuli ilipokaribia nikapanda hadi Dindira, ambako yamejaa tele, nikarudi na mzigo wa vipande. Nikavichomeka upande wa kwa bibi ili avione yeye kwanza, mstari ulionyooka kuliko reli. Mvua ikanyesha, vyote vikashika. Nikakaa kizingitini kusubiri sifa.

Bibi hakupita. Kesho yake hakupita. Nikadhani anaumwa, mpaka nilipoona kilemba chake kule mbali, anazunguka shamba la mihogo na ndoo kichwani. Vuli ikaendelea, nyasi zikaota kwenye njia yake. Bustani yangu haikuwahi kupendeza vile, na hapakuwa na wa kuitazama. Siku zikawa ndefu. Nadhani asubuhi moja ilichukua wiki nzima kufika mchana.

Nikashindwa. Nikaenda kupiga hodi.

“Shikamoo, bibi. Nimekukosea nini?”

“Marahaba, jirani.” Hakuwa amewahi kuniita jirani. “Ungeniambia tu kwa mdomo, ningezunguka.”

“Nikuambie nini?”

“Umeniwekea masale, halafu unauliza? Kwetu huo ni mpaka. Sale likishasimama, mtu havuki.”

“Bibi! Kwetu Kwamsisi, nilikozaliwa, mpaka ni mti wa mbono! Mimi nimepanda maua!”

“Maua?” Akanitazama kama vile nimefuga chatu alinde vifaranga. “Nani anapanda masale kuwa maua?”

“Gesti ya Korogwe.”

“Basi hao wamegombana na wageni wao.”

Nikasema nayang'oa leo leo.

“Thubutu! Ukiyang'oa peke yako ni ugomvi mwingine. Tunayang'oa wote wawili.”

Alasiri akaja na jembe lake. Tukang'oa mawili yaliyosimama kwenye njia, mengine akasema yabaki, yamependeza. Nilitaka kuyatupa yale mawili, akanishika mkono.

“Kayapande kwa mwenzio. Kwetu na kaburini yanakaa.”

Nikaenda peke yangu. Nikayapanda, moja kichwani, moja miguuni, nikamweleza mke wangu habari za mawaridi, na za gesti. Nikasubiri kidogo, kwa mazoea, aseme neno.

Asubuhi niliwahi kizingitini kuliko majogoo wote wa wilaya. Kilemba kikapenya katikati ya masale.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, mwanangu. Jana ulikula, au ulikula upepo?”

“Nilikula ng'ombe mzima, bibi. Na kwato.”

Akatua ndoo, akaenda jikoni kwangu, akagusa majivu kama yana joto.