Kumi na Tano kwa Sifuri

Mimi ni mwalimu wa hesabu, na niseme mapema kwamba sina subira na watu wanaotoa jibu bila kuonyesha njia. Ndiyo maana maisha ya shemeji yangu, mume wa dada yangu, yamenikera kwa miaka mingi. Yeye ni fundi viatu, na dunia nzima inamwita Sifuri. Anaitwa hivyo na mwenye duka la mkabala, na msoma mita ya maji, na wateja wanaomletea viatu vilivyoachama mdomo. Akipigiwa simu na mtu asiyemjua, mtu huyo huuliza, "Naongea na fundi Sifuri?" naye hujibu, "Ndiyo mimi," bila hata kuweka nyundo chini.

Aliyempa jina hilo ni jirani yake wa kibanda, mchonga funguo, ambaye naye anaitwa Bingwa. Wamekaa bega kwa bega kwenye baraza moja, mmoja akigonga soli, mwingine akisaga vyuma, na katikati yao pana ukuta wa mbao usiozuia neno hata moja. Miaka thelathini na miwili iliyopita walikutana kwenye fainali ya badminton, ule mchezo wa kupigiana kinyoya juu ya wavu, katika ukumbi wetu wa michezo. Seti ya mwisho iliisha kumi na tano kwa sifuri. Bingwa akaondoka na kikombe, shemeji akaondoka na jina. Kikombe kilishika kutu zamani, lakini jina halishiki kutu.

Msinielewe vibaya, hawa si maadui. Shemeji alipolazwa kwa ajili ya ngiri, Bingwa ndiye aliyefungua vibanda vyote viwili kila asubuhi, akapokea viatu vya watu na kuviandikia tarehe. Ni vile tu mdomo wake hauna breki, na kila akinoa ufunguo lazima ainoe na fainali ile.

"Mabingwa walikuwa wale wa enzi zetu," humwambia kila mteja aliyekosea akasimama zaidi ya dakika moja. "Raketi ya mbao, nzito kama mguu wa meza. Hakuna feni, hakuna maji ya chupa, hakuna mtu wa kukufuta jasho. Hawa wa leo? Wana mwalimu wa mikono, mwalimu wa miguu, na mwalimu wa kuwafundisha kulala! Mtu mzima anafundishwa kulala!"

"Na ndiyo maana wakiamka wanaruka," shemeji hujibu kutoka upande wa pili wa mbao. "Ukiona vyaelea vimeundwa, bwana. Bingwa wako wa zamani ukimpigia kinyoya cha leo, atakifikia keshokutwa."

Shemeji ana ushahidi wake, na ni wa kiufundi. Anasema viatu vya enzi zote mbili vimepita mikononi mwake. Kiatu cha mchezaji wa zamani kiliisha soli mahali pamoja tu, mbele, kwenye kidole gumba, kwa sababu mwenyewe alisimama katikati ya uwanja akisubiri kinyoya kimfuate kama mgeni rasmi. Kiatu cha leo kinaisha pande zote sawasawa. Bingwa anasema hilo linathibitisha jambo moja tu, kwamba soli za siku hizi ni mbovu.

Lakini kinachomchemsha Bingwa kuliko vyote ni hesabu mpya. Zamani alama aliipata anayeanzisha peke yake. Kama hukuanzisha wewe, ukashinda pigo, hukuandikiwa kitu. Ulipewa tu zamu ya kuanzisha, ukajaribu bahati yako. Siku hizi kila pigo lina alama, nani kaanzisha si hoja, na seti inaisha kwa ishirini na moja.

"Sadaka hizo!" Bingwa hupiga kelele. "Alama za sadaka! Hata mashine yangu ya funguo ingeokota mbili tatu."

Basi mwaka huu mjukuu wa shemeji, msichana wa darasa la pili, alipewa kazi ya kuandika majina ya watu wa nyumbani kwao. Akaandika: Babu yangu anaitwa Sifuri. Mwalimu wake akachora alama ya mkasi kwa wino mwekundu na kuandika pembeni: Hii ni tarakimu, andika jina. Mtoto akarudi nyumbani analia, kwa sababu ndilo jina pekee alilowahi kulisikia. Dada yangu akaniletea daftari nilione. Nilikasirika mpaka nikaiacha chai ikapoa. Alipoonyeshwa, shemeji alilitazama lile daftari kama mtu aliyeletewa kiatu chake mwenyewe, akalifunga, akaenda kazini.

Kwenye baraza alimwita Bingwa akiwa amesimama, jambo ambalo si kawaida yake.

"Wewe si unasema mabingwa ni wa zamani? Bingwa wa ukumbi sasa hivi ni yule binti wa kiwanda cha mikate. Cheza naye. Ukimshinda, nitaandika Sifuri kwenye kibao cha kibanda changu kwa herufi za mkono mzima. Akikushinda, utaniita jina langu mbele ya watu, na hili lingine utalimeza."

"Mimi nina miaka sitini na moja."

"Si ulisema ng'ombe hazeeki maini?"

Bingwa akaangalia kulia, akaangalia kushoto. Wateja watatu walikuwa wanasikiliza. Mtu aliyejisifu miaka thelathini na miwili hawezi kukohoa na kuingia ndani.

"Sawa," akasema. "Lakini seti moja, kwa sheria za enzi zetu. Anayeanzisha ndiye anayepata, mwisho kumi na tano. Sitaki sadaka za mtu."

Mwamuzi nikachaguliwa mimi. Kuna aliyelalamika kwamba mimi ni shemeji wa mhusika, akakumbushwa kwamba ndimi niliyemfelisha mwanangu wa kumzaa kwenye mtihani wa hesabu za sehemu, akaliondoa lalamiko lake.

Yule binti ana miaka ishirini na miwili na anafanya kazi kiwanda cha mikate, kitengo cha kukanda. Ana mikono inayoweza kufungua bati la rangi bila bisibisi. Siku mbili kabla ya mechi alimletea shemeji viatu vyake vibandikwe soli, na shemeji alivibandika akavishona juu yake, maana mechi ni mechi lakini kazi ni kazi.

"Mimi sina tatizo," aliniambia Jumamosi ya mechi alasiri, bado ana unga kwenye nyusi. "Lakini mwalimu, magoti ya mzee yatanivumilia?"

"Muulize mwenyewe."

"Shikamoo mzee. Magoti vipi?"

"Marahaba. Uliza ya kwako," akajibu Bingwa.

Alikuja na kaptula ya enzi zile, ambayo tumbo lilikuwa limekataa kuitambua. Ukumbi ulijaa. Mwenyekiti wa kamati ya ukumbi akatoa hotuba ya dakika kumi na tano juu ya kulinda hadhi ya mchezo, na katika dakika hizo alitaja jina lake mara nne. Mimi nikapanda ngazi ya mafundi umeme, ambayo ndiyo kiti chetu cha mwamuzi, nikakunjua karatasi. Bingwa kwa ukarimu mkubwa akampa binti aanzishe. "Wadogo kwanza," alisema, na watu wakampigia makofi.

Pigo la kwanza, binti alipiga smashi, pigo la kushindilia chini, na Bingwa akageuka kutazama kitu gani kimempita. Moja kwa sifuri. La pili vilevile, la tatu vilevile. Kisha likaja la nne, na hapo nakiri kwamba nilisahau kuandika. Yule mzee alinyanyua raketi kama anayetaka kuua mtu, binti akarudi nyuma kujilinda, na Bingwa akakigusa kinyoya kidogo tu, kikavuka wavu na kuangukia upande wa pili kama kimechoka. Ukumbi wote ukasema "Aaah!" Binti mwenyewe akacheka na kupiga makofi kwenye raketi.

Kwa hilo akapata zamu ya kuanzisha. Lakini kulipata pigo lile kulikuwa kumemmaliza pumzi zote. Akaanzisha huku anahema, kinyoya kikaishia kwenye wavu. Kwa sheria zake mwenyewe, alama ya kwanza haikuwapo, na zamu ikarudi kwa binti.

Ikaendelea hivyo. Mara sita kwa jumla alimdanganya yule binti kwa ujanja ambao sijauona kwa kijana yeyote, mara sita watu wakasema "Aaah," na mara sita akaanzisha bila pumzi na kunyang'anywa. Mara ya tano aliniangalia juu ya ngazi kwa macho ya mtoto aliyeishiwa muda wa mtihani na bado ana swali zima. Nilimwonea huruma, na nilichukia kumwonea huruma, kwa sababu nilikuwa nimebeba lile daftari la mjukuu kwenye mkoba wangu. Binti hakumpunguzia. Nadhani hiyo ndiyo heshima aliyoijua.

"Kumi na tano kwa sifuri," nikatangaza.

Mtu mmoja huko nyuma akakumbuka. "Sifuri!" akapiga kelele. "Sifuri mpya kapatikana!" Ukumbi ukalipuka. Walewale waliompigia makofi ya ukarimu sasa walikuwa wanapiga viti. Mwenyekiti wa kamati, mlinzi wa hadhi ya mchezo, alikuwa anacheka mpaka anajifuta macho. Bingwa alisimama katikati ya uwanja ameshika kiuno, hajui atokee mlango gani.

Shemeji akainuka kwenye benchi. Watu wakanyamazishana, wapate kusikia vizuri, maana mtu aliyesubiri miaka thelathini na miwili lazima awe ameandaa jambo tamu. Akaja mpaka chini ya ngazi yangu.

"Shemeji, lete karatasi."

Nikampa. Mimi siandiki jibu bila njia. Nilikuwa nimeweka alama ya kila pigo, nani kaanzisha, nani kashinda. Akaipitishia kidole.

"Kwa hesabu ya siku hizi," akawaambia watu, "ni ishirini na moja kwa sita. Huyu mtu ana sita. Mmeziona wenyewe, na kila moja mmeishangilia."

"Sitaki sadaka!" Bingwa akabweka.

"Sadaka ya nani? Si umezitolea jasho?"

Watu walikasirika kama wamenunua tiketi ya sinema ikazimwa katikati. Wakaanza kutoka, wanasonya. Binti wa mikate alimpa Bingwa mkono, akamwambia, "Mzee, lile pigo la nne utanifundisha," akaenda zake, zamu yake ya kazi inakaribia.

Bingwa akakaa kwenye benchi, akatimiza ahadi. Alimwita shemeji kwa jina lake, lile la kwenye kitambulisho, kwa sauti ya mtu anayetapika dawa. Shemeji hakugeuka. Akamwita tena. Mara ya tatu niliinama kutoka kwenye ngazi nikamgusa bega, nikamwambia, "Unaitwa wewe," ndipo akashtuka, akaenda kukaa karibu naye.

Bingwa alichukua karatasi yangu akaitazama muda mrefu, midomo inatembea. Sijui kama ni mistari aliyokuwa anahesabu au miaka.

"Siku ile," akasema mwishowe. "Siku ile wewe ulikuwa na ngapi?"

"Kumi na moja."

"Nani alizihesabu?"

"Nani mwingine angezihesabu?"

Bingwa akainamia magoti yake, yaliyokuwa yamevimba. Kisha akasogea kidogo, akampisha shemeji akae vizuri.

"Nisimulie," akasema. "Anza na ya kwanza."

"Ya kwanza ulidhani inatoka nje," shemeji akaanza. "Ukaiacha..."

Mimi nilishuka ngazi nikaenda nyumbani. Nilipowaacha walikuwa wamefika ya nne.