Siku Zaituni Alipobisha Hodi Nabuyonga

Ipo siku moja siisahau, mwanangu. Nilikuwa na mimba ya Mariamu, miguu imevimba, nimekaa uani kwangu Nabuyonga, hapa Mbale, namenya ndizi za matoke. Mtu akabisha hodi. Nani? Zaituni, mke mkubwa wa bwana wetu, ametoka kwake Bugembe, kule Jinja, kwa taksi! Siku zile kwetu mke mwenza hakanyagi nyumba ya mwenziwe isipokuwa kuna msiba. Kisu kilikuwa mkononi, na sikukiweka chini.

"Weka kisu, mdogo wangu," akasema. "Ningetaka vita ningekuja na dada zangu."

Dada zake, wallahi, ukiwaona ni kama magunia ya mahindi ya Busiu. Nikacheka bila kupenda.

Akakaa mkekani, akasema wazi. Alipima damu Jinja akakutwa na kaswende. Akachomwa sindano, akapona. Bwana akaja kwangu Mbale, akarudi kwake, akamwambukiza tena. "Bwana alitokwa na kidonda, hakikumuuma, kikapotea. Akajisifu eti mizizi imemponya. Kumbe ugonjwa umo ndani ya damu. Nikitibiwa peke yangu, tutazungushiana mpaka kesho. Mtoto wangu wa mwisho nilimzaa amekufa kwa ugonjwa huu. Wako bado anacheza tumboni. Vaa viatu."

"Na kama ni mimi nilianza?" nikauliza.

"Sikupanda taksi kutafuta nani alianza. Vaa viatu, nimesema."

Mimi shule niliiacha mapema, lakini ujasiri nikiuona naujua. Mwanamke aliyezika mtoto, amekuja kumwokoa mtoto wa mke mwenziwe!

Kliniki wakanitoa damu kidogo tu, na kweli, ugonjwa ninao. Niliposikia majibu nililia. Zaituni akanishika mkono mpaka sindano ikaisha, naye akachomwa yake, na nesi akasema nimewahi, mtoto ana nafasi nzuri.

Akabaki kwangu kumngoja bwana. Alipoingia na kutukuta tumekaa pamoja, masikini, akatafuta mlango. "Bugembe hakuna chakula, Nabuyonga hakuna chakula, mpaka upime," Zaituni akamwambia. Akapima, anao. Mwanamume wa kubeba magunia, alipoona sindano akaomba maji! "Mzee," nesi akasema, "wake zako walichomwa kimya."

Mariamu alizaliwa mzima, na kelele zake majirani walizikoma. Zaituni ndiye aliyempa jina hilo.

Basi, mwanangu, pima hata kama huumwi popote. Kidonda kikipotea usidhani ugonjwa umekwenda. Ukiwa na mimba, pima mapema. Ukikutwa nao, maliza sindano ulizoandikiwa, mwambie mwenzako, naye atibiwe, na msikutane mpaka wahudumu waseme mko salama. Na usipoteze siku kuuliza nani alianza.

Mungu akuletee mlangoni mtu kama Zaituni siku utakayomhitaji, na akupe wewe miguu ya kwenda kubisha kwa mwingine.